Mkanda wa Baba Neema

Jumanne

Na alivyonuna asubuhi, utadhani nimemvisha gauni.

Mume wangu anaezeka ule ukumbi mkubwa wa michezo hapa Pasiansi. Mkanda wa usalama alikuwa havai, eti unamchubua kiuno. Jana nikamwambia aje nao nyumbani. Nikakata kipande cha mbeleko ya mwanetu Neema, ile ya maua, nikauzungushia na kuushona.

Leo wenzake wamemcheka kutwa. "Baba Neema, mama kakubeba?"

Amerudi analalamika. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ukauvua?"

"Ningeuvua ya nini? Hauchubui tena."

Wamcheke tu. Lile paa liko juu sana, naliogopa, sifichi. Ila mbeleko yangu haijawahi kumwangusha mtu.