Kabichi ya Mwanangu

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

U hali gani huko ugenini? Mimi sijambo, na cherehani haijambo, ila inakohoa nikiikimbiza. Wateja wamenichoka. Nikimpima mtu kiuno, lazima asikie kwamba binti yangu yuko maabara anaua saratani kwa maji ya kabichi.

Sasa nina la kukueleza. Titi langu la kulia lina uvimbe, na daktari kasema ni saratani hiyo hiyo. Anataka kukata. Nimemkatalia kwa adabu. Nikatwe na mtu baki, na dawa iko mikononi mwa mwanangu? Nakunywa kabichi asubuhi na jioni. Niambie tu kama niongeze.

Mama yako


15 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Naogopa, Mama.

Ni kweli kabichi ina kemikali zinazodhoofisha seli za saratani. Lakini sisi tunazikamua, tunazikoleza, kisha tunazimwagia seli zilizo kwenye kisahani cha kioo. Kisahani hakina damu, hakina ini, hakina tumbo. Kula mboga kunaweza kumpunguzia mtu hatari ya kuugua, ila uvimbe ulioshaota hakuung'oi. Ningekuwa na dawa, ningekuwa nimeshabisha hodi kwako. Nenda ukakatwe, Mama. Nakupigia magoti.

Binti yako


10 Machi

Mama, shikamoo.

Barua hujibu, simu hupokei. Kama umenikasirikia, nikasirikie ukiwa hospitali. Nimeomba ruhusa kazini, nitafika mwisho wa mwezi.

Binti yako


22 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mwandiko huu usikutishe. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haunyanyuki vizuri tangu wanikate.

Kukasirika nilikasirika. Nimekutangaza mtaa mzima, halafu unaniambia kisahani. Simu sikupokea kwa sababu ningesikia sauti yako ningelia. Kisha nikawaza, huyu mtoto angeweza kunidanganya nifurahi, na hakutaka. Nikapiga moyo konde, nikaenda. Daktari anasema bado kuna dawa za kufuata, nami nimekubali zote.

Wateja wanaulizia kabichi. Nawaambia binti yangu bado anaichunguza, wao waende hospitali.

Njoo tupike. Kabichi bado naila, ila siku hizi siidai kitu. Naila kwa sababu nina njaa.

Mama yako