Vinundu Vyeupe

Chonyonyo, Jumanne, Novemba 1989

Mvua imenyesha usiku kucha na asubuhi jua limewaka. Hali nzuri kabisa kwa maharage, lakini ya kwetu yamekuwa ya njano.

Nimeng'oa shina moja, nikapasua kinundu cha mzizini kwa ukucha. Ndani kilitakiwa kiwe chekundu. Ni cheupe. Nikang'oa jingine, na jingine tena.

Vyeupe vyote.

Darasani, shuleni Kihanga, mimi huwaeleza wanafunzi kwamba bakteria akishaingia kwenye mzizi wa mharage hubadilika: huacha kuzaana, huvimba, hupoteza umbo lake la zamani, kisha huulisha mmea naitrojeni ya hewani, naye hulishwa sukari. Wekundu ndio dalili ya kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nawaambia, nao hucheka. Hawa wa shambani kwetu ni wa udongo wenyewe. Wameingia, wanakula, jembe wamelikataa.

Na wale bakteria wazuri wa kupaka mbegu, niliowaleta kwenye kifuko cha unga mweusi?

Nimemwendea mama mkwe na shikamoo, nikauliza habari za mgongo wake, ndipo nikauliza habari za kifuko. Akajibu kwa fahari, "Nilikitunza, mwanangu. Nilikipandisha juu ya moto, kwenye moshi, pamoja na ebihimba vyangu."

Huko darini juu ya mafiga ndiko maharage yake ya mbegu hukaa, yasitobolewe na wadudu. Na mimi ndiye niliyemkabidhi kile kifuko nikisema, "Mama, hii ni mbegu, itunze kama mbegu." Viumbe hai, nikawapeleka motoni kwa mdomo wangu! Siku hiyo nilimwambia pia samadi yote iende kwenye kahawa, unga utatosha. Migomba ilishamalizwa na fukusi. Hatuna chakula kingine kinachokuja ila shamba hili.

Naogopa. Sijawahi kuogopa jani la mmea hivi.

Jioni amepika maharage. Nikamuuliza ameyatoa wapi.

"Yale ya mbegu yaliyobaki," akasema, akicheka. "Ya nini kuyabania, na shamba la mwalimu linakuja?"

Yameiva vizuri, chumvi ya kutosha. Nimeyala yote nikitazama sahani, kwa sababu anapenda kuniona nikila.

Kesho nitamwambia, kabla hajaenda shambani kuchuma majani ya mboga. Nitaanza na shikamoo. Baada ya hapo sijui nitasema nini.