Sinki Tuliyoiunga Wenyewe

Mpendwa nyieka, mke mwenzangu,

Bado kuna watu hapa Homa Bay wanaoniuliza kama wake wa mume mmoja wanaweza kupendana. Siku hizi sina nguvu ya kuwajibu. Naikumbuka tu ile sinki.

Mzee, mume wetu, aliileta kutoka Migori alikokuwa akifanya kazi, akaiweka mlangoni. "Jiko ni lenu wawili. Elewaneni." Fundi akaiunga moja kwa moja kwenye paipu ya bafu, akafunga mkoba wake, akaenda. Siku ya tatu jiko likaanza kunuka. Mimi nilijua ni wewe unayeacha mabaki ya samaki. Wewe ulijua ni mimi. Wiki tatu tulipika jiko moja bila salamu, kila mtu akiisugua sinki kwa hasira baada ya mwenzake.

Kisha asubuhi moja nikakukuta umepiga magoti, pua kwenye paipu.

"Mama Ouma, njoo unuse. Si wewe, si mimi. Ni shimo la maji machafu linatupumulia."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yule mzee Mwislamu mwenye duka la vifaa alituonyesha kipande cha paipu kilichopinda. "Maji kidogo yakibaki kwenye hii kona, mama, harufu haipiti." Hatukumwita fundi tena. Wewe ulishika, mimi nikakata kwa msumeno. Kiungo cha kwanza kilivuja, kikakulowesha rinda lote. Tukakausha, tukapaka gundi upya, tukainua paipu kwa jiwe ili iteremke vizuri. Nilipomwaga beseni zima, wewe ulikuwa nje kwenye shimo, unapiga kelele, "Yamefika! Yamefika!" kana kwamba ni wageni wa harusi.

Halafu mzee wetu akafariki. Wazee wa ukoo walipokuja kusema urithiwe na shemeji, ulikataa mbele yao. Wakasema basi, mchukue binti yako Atieno mrudi kwenu kisiwani Takawiri. Ulinigeukia. Mimi nikawapa mgongo nyote, nikafungua mfereji, nikaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Uliniita mara mbili.

Sasa ni mwaka wa pili. Wiki iliyopita wazee walinijia mimi, nirithiwe. Nimewaambia hapana, wakaondoka bila kugusa chai. Sijui watarudi na neno gani. Nimechoka, nyieka. Mgongo umechoka, hata mdomo umechoka. Na wewe siku ile ulisimama peke yako, hata mtu wa kukushika mkono hukuwa naye.

Jumatano napanda boti ya kuja Takawiri. Siji kukuomba urudi. Ukitaka, usinikaribishe ndani. Nitasimama hapo hapo uani. Nataka tu ujue kwamba maji ya mfereji hayakunizuia. Nilikusikia mara zote mbili.

Ni mimi, mke mwenzako,
Mama Ouma