Vifuniko vya Chumbani kwa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Neema,

Huku Gongo la Mboto tu wazima. Babu yako goti linamsumbua, ila kanisani anafika. Unasema umekosa chupa zenye vizibo vya mvinyo, unauliza kama mvinyo wako wa rosela utakaa kwenye chupa za vifuniko vya kuzungusha. Utakaa, ila usivikaze mpaka mvinyo uache kabisa kutoa mapovu.

Hilo nililijua nikiwa mke mpya. Nilijaza mvinyo kwenye chupa kumi na mbili za kioo, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote. Moja niliiacha jikoni. Nyingine niliziweka chumbani kwa mama mkwe, aliyefariki mwezi mmoja nyuma, nikafunga mlango na ufunguo nikauvaa shingoni.

Siku ya tatu, mchana, nilisikia mle chumbani mtu anashusha pumzi taratibu. Nikatoka jikoni kumwita babu yako. Nyuma yangu chupa ikapasuka, vioo vikatapakaa pale nilipokuwa nimekaa.

Tukafungua chumba. Chupa zote kumi na moja zilikuwa nzima, na kila kifuniko kilikuwa kimelegezwa.

"Umelegeza wewe?" babu yako akauliza.

"Sijaingia humu tangu juzi."

Akakaa kwenye kitanda cha mama yake. "Ahsante, mama," akasema.

Alipokuwa hai nilikuwa namkwepa, nikidhani hanipendi.

Ukija Desemba utalala chumba hicho. Ukiingia, mwamkie.

Bibi yako akupendaye