Chumba cha Juu Kinashuka Braamfontein

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nimepata! Nimepata, nimepata! Mama wa ofisi ya wakalimani kapiga saa nne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya mkate. Bunge la juu, wale wajumbe wa mikoa tisa ambao kawaida hukaa Cape Town, wanahamia Braamfontein, hapa hapa Johannesburg, wiki hii, na Alhamisi wanataka Kiswahili ndani ya hedifoni. Kiswahili! Siku moja, kwa majaribio. Mimi na Ahmad wa Unguja, tunapokezana kila nusu saa. Nikamjibu "sharp, sharp", sawa sawa ya mtaani, kama muuza chipsi. Aibu gani hii.

Sababu ni muswada wa wakalimani wa zahanati. Ukipita, kila zahanati ya serikali itatakiwa kuwa na mtu wa kutafsiria wagonjwa, kwa lugha zilizoorodheshwa kwenye jedwali la mwisho. Kiswahili kimo. Lakini kuna wanaotaka kifutwe, na Alhamisi wanapiga kura. Mikoa tisa, kila mkoa kura moja. Tukipata tano tumepona.

Miaka mitatu natafsiri pale zahanati ya mtaani, Jumanne na Ijumaa, kwa hiari yangu. Siku nisizokwenda nakaa roho juu. Najua kuna mtu pale anajigusa tumbo kwa kidole na hakuna anayemwelewa.

Nimeombwa pia nisambaze tangazo kwenye makundi yetu ya simu. Viti vya wananchi vikiwa vitupu, nani ataamini kwamba wasemaji tupo? Tatizo likawa jina. Bunge la juu! Mimi Mtanzania, nimezoea bunge moja, halina juu wala chini. Nikamuuliza Ignace, mlinzi wa getini kwetu, mtu wa Bukavu. Kwao inaitwa *chambre haute*, kasema. Ndiyo nini? Chumba cha juu, dada. Basi! Tamu hiyo. Nimeandika:

"Chumba cha Juu kinashuka Braamfontein Alhamisi! Njooni mapema, saa mbili asubuhi. Kila mtu atasikia kwa lugha yake mwenyewe."

Nimelisoma mara tatu. Jamani, watu wa Tanga tumejaliwa lugha.

Jumatano, 20 Agosti

Siku nzima na misamiati. Bomba kuu. Mgao wa fedha. Mifugo ya mpakani — mifugo, eti! Ahmad kanipigia mara sita, kila mara kunisahihisha. Kwake Kiswahili kiliumbwa Mji Mkongwe, sisi wengine tumekiazima tu.

Tangazo limesambaa kuliko nilivyotarajia. Nimejibiwa "Amina" thelathini na kitu. Sikujua Wakongo wanalipenda Bunge kiasi hiki! Mmoja kauliza, tuje na mafuta? Nikamjibu chakula kipo. Mwingine kauliza, tuje tumefunga? Nikadhani anasema maduka. Nikajibu: fungeni, ni siku moja tu.

Alhamisi, 21 Agosti

Saa mbili na nusu. Naandikia kibandani mwetu wakalimani, kile cha vioo, nyuma ya ukumbi.

Robot, taa za barabarani, zimezimika njia nzima, nimevuka kwa kudra za Mungu. Nafika mlangoni — foleni nyeupe! Wanawake arobaini na tatu, nimewahesabu. Magauni meupe, vilemba vyeupe, kila mmoja na kichupa cha mafuta mkononi. Mama wa mlangoni, Mzulu, kapigwa na butwaa. Mbele yao kasimama Angélique, fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville, yule aliyenipunguzia gauni la Idi. Kamshika mkono binti yake Héritière, miaka saba.

"Dada Mayasa! Tumefunga tangu jana. Leo njo pasta gani anahubiri?"

Pasta?

Hapo ndipo nikang'amua. Chumba cha Juu! Kumbe ndicho kile cha Pentekoste, walimokuwa wakisali wanafunzi wa Yesu, Roho akawashukia, na kila mtu akasikia kwa lugha yake. Nusu ya makanisa ya Wakongo mji huu yana jina hilo! Na mimi, Mwislamu wa Tanga, nimeandika "kinashuka". Nimeandika "kwa lugha yake mwenyewe". Nimewaambia wafunge!

Nikasema ukweli. Hakuna pasta. Kuna wabunge tu, na muswada wa wakalimani wa zahanati. Nilijua watanirushia vile vichupa. Angélique kashusha kichupa chake.

"Bakalimani ba hospitali? Leo?"

"Leo."

Kawageukia wenzake. "Tunaingia."

Vichupa arobaini na tatu vimepangwa kwenye meza ya ukaguzi. Ahmad anacheka mpaka anashika meza. Mshenzi.

Saa saba kasoro. Chakula. Sina njaa hata kidogo, niko juu kama tiara!

Ahmad ndiye aliyeanza. Wakavaa hedifoni, na nikaona kupitia kioo Angélique anaruka kitini: "Kiswahili! Nakisikia!" Wote arobaini na tatu wakapiga Amen. Mwenyekiti kagonga nyundo: wananchi waliokuja kusikiliza hawaruhusiwi kushangilia. Ahmad akawatafsiria. Wakaitikia Amen. Kagonga tena.

Kisha mambo, moja nyuma ya jingine. Mabomba ya maji yaliyozeeka. Mashimo ya barabarani — mjumbe mmoja kaja na picha ya shimo lililooteshwa mahindi, ukumbi mzima hoi. Treni za abiria. Maktaba za vijijini, na hapo bibi mmoja wa mkoa wa mbali kazungumza vizuri kiasi kwamba nilisahau natafsiri, nikabaki nasikiliza, Ahmad akanipiga kiwiko. Halafu wizi wa mifugo mpakani. Ahmad, bingwa wa Mji Mkongwe, kaona mbuzi dume anahitaji neno lake halisi: "Mabeberu kumi na wawili wametoroshwa usiku." Nikauma kitambaa! Angélique kaniuliza baadaye kama ni wakoloni.

Kufikia saa tano wamekuwa wenyeji. Shimo la mahindi likitajwa wanatikisa vichwa kama wenye shamba. Na wamefunga, maskini, tangu jana! Nimewaomba wale, kosa ni langu. Wamekataa. Tumeanza, tumalize, kasema Angélique.

Jambo moja nimeliona. Héritière anavaa hedifoni upande wa kulia tu. Ile ya kushoto ameisogeza nyuma ya kichwa. Nikadhani inamkaza.

Saa kumi na dakika tano. Mapumziko ya dakika kumi na tano. Naandika haraka. Nimelia, wanja wote mashavuni. Sijali.

Muswada ulifika saa tisa. Mjumbe mmoja — mpole, hana ubaya, hilo ndilo lililonitisha — kasema nchi ina lugha zake rasmi kumi na mbili na hata hizo hazijatoshelezwa. Hizi za wageni, ishara na tabasamu zinatosha mpaka mtu ajifunze. Manesi wetu wana moyo, kasema. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Nikamtafsiri neno kwa neno, kwa sauti yake ile ile ya upole. Ndiyo kazi.

Kisha wananchi wakapewa nafasi, dakika tatu tatu. Angélique kanyoosha mkono. Zamu ilikuwa yangu, safari hii kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza.

Kasimama, kasema yeye hakujiandaa. Miaka miwili nyuma mtoto wake alishikwa na homa, shingo ikakaza kama mti. Kampeleka zahanati. Nesi alikuwa mwema, kambeba mtoto mwenyewe, kamlaza. Halafu kamshika Angélique mabega, kamwambia kitu kwa Kizulu, katoka mbio.

"Mu ile maneno yake yote, nilisikia moja tu. *Sala.* Alisema: *sala lapha, mama.*"

Nikakwama. Sekunde moja, mbili. Ahmad kanitolea macho. Kwetu sala ni sala. Kumwomba Mungu. Kwa Kizulu *sala* ni baki. Baki hapa, mama. Nikiligeuza neno lile kwa Kiingereza, hadithi imekufa mikononi mwangu. Nikaliacha kama lilivyo! Nikasema tu: kwa lugha yetu, neno hilo maana yake ni kumwomba Mungu.

Nusu ya wajumbe wale wanazungumza Kizulu au lugha ndugu zake tangu kuzaliwa. Sikuhitaji kuwaeleza zaidi.

"Nikasema, basi, munganga wa hospitali ameshindwa. Amebaki Mungu tu. Nikapiga magoti, nikasali. Kiisha nikabeba mutoto, nikaenda naye kanisani. Na munganga alikuwa mu korido, anakuja."

Walirudi siku ya pili, jirani kawalazimisha. Héritière alipona. Sikio la kushoto halikupona.

Miaka miwili! Ananishonea magauni, tunacheka, ananisema kwa kunenepa, na hili hajawahi kulitamka. Na mimi, mkalimani hodari, nimedhani hedifoni inamkaza mtoto.

Kamaliza hivi: yule nesi hana kosa, na ninyi musimtafute. Mimi pia, bananiambia sina kosa. Lakini bado ninamuangalia mutoto anageuza kichwa wakati ninamuita. Kakaa. Hakuna aliyepiga Amen. Mjumbe yule mpole kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kaivua tena.

Kisha kura: muswada upite na Kiswahili kikiwamo? Mkoa mmoja mmoja, kiongozi wa msafara anasimama na kusema. Ndiyo. Ndiyo! Hapana. Hapana. Ndiyo. Hapana — huyu wa mkoa wa yule mjumbe mpole, nami nilikuwa nimeanza kumpenda, eish. Ndiyo! Nne kwa tatu. Mkoa wa nane na wa tisa wameomba muda wa kushauriana na watu wao kwa simu. Mwenyekiti kakubali.

Moja tu. Ee Mwenyezi Mungu, kura moja tu.

Saa kumi na dakika kumi na tano. Kiongozi wa mkoa wa nane, mzee mrefu wa tai ya kijani, yuko hapa nje ya kioo changu na simu yake. Sisikii vizuri. Nimesikia "sala". Mara mbili. Ama anawasimulia, ama anawaaga tu. *Sala kahle* ndiyo kwaheri yao! Nimebandika sikio kwenye kioo kama mbea wa uchochoroni. Amekata simu. Uso wake hausemi kitu.

Mama wa mlangoni amewaendea wale wanawake. Baadhi walikuwa wamesimama, wanadhani imekwisha. Anawaambia watulie, wanaanza tena sasa hivi. Anawaambia kwa lugha yake, kwa mikono miwili, kwa huruma kabisa:

"*Salani lapha, bomama.*"

Wote wamemgeukia Angélique. Angélique kanigeukia mimi, kupitia kioo. Nikaanza kumwonyesha kwa mkono: keti. Hakungoja. Kavuta kiti chake mbele, kakaa, kampakata Héritière japo ni mkubwa sasa, kamweka hedifoni vizuri sikio la kulia. Leo hatoki mtu hapa. Lakini midomo yake inacheza, naiona. Wote arobaini na tatu wamesalia pale, na wanasali. Hayo mawili leo sitayatenganisha.

Kengele!

Zamu ni ya Ahmad. Afadhali, sauti yangu imekauka. Hapana — amevua hedifoni. Ananisogezea kipaza sauti. Kasema, wanakujua wewe, wasikie kwako. Ahmad! Wa Mji Mkongwe!

Taa nyekundu imewaka. Mwenyekiti anaita mkoa wa nane. Mzee wa tai ya kijani anasimama, hana karatasi mkononi, anawatazama wale wa vilemba vyeupe. Angélique hapumui. Wala mimi. Anafungua mdomo, naweka kalamu —