Kufuta Jina Lako kwenye Seva

Mpendwa Baba Akinyi,

Leo seva imegoma tena, na nimechoka hata kukasirika. Nimebadilisha kitu kidogo kwenye ile paneli ya kuendeshea seva, nikabonyeza kuhifadhi, ukurasa ukaniambia kila kitu kiko sawa. Barua pepe hazitoki. Meneja amekuja akasimama mlangoni. "Mama Njeri, ni nini tena?" Nikamwambia naiangalia.

Unakumbuka siku tuliyoletewa hiyo paneli? Tulikuwa wawili tu katika ile ofisi iliyo kando ya chumba baridi cha maua, na barua pepe za shamba zima zilikuwa mikononi mwetu. Fundi kutoka Nairobi alituahidi kwamba hatutaandika tena amri kwenye skrini nyeusi, ni kubonyeza tu. Ulimsikiliza kwa heshima, ukampa chai. Alipoondoka ukaniambia, "Mama Njeri, hii kitu itatuzeesha."

Na imetuzeesha. Tukirekebisha jambo kwa mkono, paneli inalifuta. Tukilirekebisha ndani ya paneli, seva haisikii. Ulikuwa unanivutia kiti karibu na chako, unanionyesha mafaili yenyewe polepole, bila kunifanya nijione mjinga. "Usiamini huo ukurasa," ulikuwa unasema. "Uliza mashine yenyewe."

Kisha ikaja ile Januari ya baada ya uchaguzi, watu wa kabila lako walipofukuzwa majumbani. Nilikukuta katika uwanja wa kituo cha polisi Naivasha, umembeba Akinyi amefungwa sweta lako la kazini. Nilikuwa nimeleta unga na blanketi. Watu walikuwa wengi, tukasogea kando ya ukuta. Mwisho ukaniuliza, "Seva iko sawa?" Nikasema iko sawa. Mkeo akaninong'onezea namba ya dada yako wa Kisumu, nikaishika kichwani. Halafu mabasi yakawachukua kuelekea Kisumu, na simu yako haikupatikana tena.

Maua hayakungoja mtu. Mtaa wetu wa Karagita bado ulinuka moshi meneja aliponiambia niondoe akaunti za wote ambao hawakuwa wamerudi. Wewe unajua, paneli haiwezi kumsimamisha mtu kwa muda. Inajua kufuta tu, mtu na barua zake zote. Inauliza kama una hakika, inakwama, inakutoa nje, na ukiingia upya inakuuliza tena kuhusu mtu yuleyule. Nilimfuta karani wa stoo. Nilimfuta yule msichana wa idara ya kufungasha aliyekuwa akituletea mahindi ya kuchoma. Kila mmoja nilimthibitisha zaidi ya mara moja, kama kwamba mara moja haitoshi kuumiza.

Nilipofika kwa jina lako nilitoka nje, nikanawa uso. Kisha nikanakili barua zako zote kando, ndipo nikakufuta. Baadaye nikafungua skrini nyeusi kama ulivyonifunza, nikaandika kwa mkono kwamba barua yoyote inayokuja kwako iende kwenye anwani yako binafsi. Nikajaribu, ikakubali.

Siku chache baadaye tukaajiri mtu, nikamwongeza kupitia paneli. Ikaandika upya faili lote, na mstari niliokuandikia ukafutika. Hakukuwa na onyo. Niligundua nikipitia kumbukumbu za seva nikitafuta tatizo lingine: kampuni moja ya Kisumu ilikuwa imekuandikia, tukaikataa barua yake, ikakuandikia tena, tukaikataa tena. Niliijua. Uliomba kazi kwao kabla ya uchaguzi.

Simu ya dada yako nayo ilikuwa imezimwa. Basi nikawaandikia wale watu mwenyewe. Nikawaeleza kwamba tatizo ni la seva yetu, nikawaambia wewe ni mtu wa namna gani kazini, nikawapa namba ya dada yako, nikawaomba wasichoke kuipiga.

Hawakuchoka. Siku uliyonipigia, sauti yako ilikuwa mbali. "Mama Njeri, wamenichukua." Kisha ukaongeza, "Na unajua wanatumia paneli gani? Ileile." Tulicheka wote wawili, mimi nikajikuta napangusa macho.

Ndipo ukaniuliza kama unaweza kuja kuchukua vitu vyako. "Huko kumetulia?" Nikasema kumetulia, kwa sababu ofisini kulikuwa na watu, na hivyo ndivyo sote tunavyosema siku hizi.

Sasa nikujibu vizuri. Mlango wa nyumba yako umepakwa rangi mpya, na kuna familia inaishi humo. Meza yako iko kwa yule mama jirani aliyekuwa akimwangalia Akinyi kila mkeo alipokwenda sokoni. Nimeiona mlango ukiwa wazi. Aliona ninavyoitazama, akainamisha kichwa. Kesho yake tulisalimiana kama kawaida. Hapa hakuna anayemuuliza mwenzake kitu.

Kwa hivyo usije kufuata vitu, ndugu yangu. Lakini kama siku moja utataka tu kuja, niambie mapema. Nitakungoja stendi mimi mwenyewe, tutembee pamoja mchana kweupe hadi kwangu, na wanaotaka kututazama watutazame.

Wasalimie mama na watoto.

Dada yako wa ofisini,
Mama Njeri