Homa ya Kanivali

Belmont, Port of Spain

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwangu, kutoka kwa mkweo Keston, na kutoka kwa jirani yetu Tanti Merle, ambaye hawezi kusikia barua inaandikwa bila kuchomeka salamu zake. Je, magoti yako yameshapatana na baridi ya Toronto? Kama bado, vaa soksi mbili na uache ubishi.

Huku Kanivali ilikuwa moto. Siku mbili nzima nilicheza barabarani nyuma ya lori la muziki, nimevaa manyoya ya buluu na viatu vya kuazima. Jumatano ya Majivu nikaamka na mafua na kikohozi. Hakuna aliyeshtuka, maana nusu ya Belmont ilikuwa inakohoa. Si unaijua homa ya Kanivali? Nikanywa chai ya tangawizi, ikapita.

Kikohozi kilipokwisha, nyayo zikaanza kunichonyota kama nimekanyaga siafu. Nikacheka. Tanti Merle akacheka zaidi, akasema ndiyo malipo ya mtu mzima anayeshindana na vitoto barabarani, akanichua miguu kwa ramu. Keston akanitania kwamba muziki umekwisha ila miguu haijaambiwa. Kesho yake ngazi zikanishinda. Kila mtu alisema ni uchovu wa kucheza, pumzika tu, nami mjinga wa kutupwa nikapumzika! Ganzi ikapanda magotini, ikafika kiunoni, kikombe kikaniponyoka. Nilipomwambia Keston kwamba hewa hainitoshi, hakungoja gari la wagonjwa. Alinibeba mgongoni hadi barabarani huku analia waziwazi.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa kama niliugua mafua karibuni. Akatueleza kwamba mwili ukishapigana na virusi, mara chache hupotea njia ukaanza kushambulia mishipa yake wenyewe ya fahamu. Wengi hupona, alisema, lakini polepole, na cha kuchunga ni pumzi. Mama, niliogopa vibaya sana. Akili yangu ilikuwa nzima, inaangalia mwili unavyoniacha.

Sasa nikuambie jambo ambalo nilimwapisha Keston asikuambie, kwa kuhofia presha yako. Mwandiko huu si wangu. Nina bomba shingoni na mashine ndiyo inayonipumulia. Keston anapitisha kidole kwenye ubao wa herufi, nami napepesa jicho kikifika ninapotaka. Analalamika kwamba salamu zangu ni ndefu mno. Nimempepesea kwamba mama yangu haandikiwi bila salamu.

Kila ulipopiga simu alikuambia nimelala. Sikuwa nimelala, Mama. Simu ilikuwa sikioni mwangu, nikakusikia unafoka, mtoto gani huyu mwenye maringo, hana hata neno moja kwa mama yake. Maneno nilikuwa nayo mengi. Ulipokata nililia, Keston akanifuta machozi.

Barua hii ataipiga picha akutumie leo, kwa sababu kesho asubuhi wanazima mashine kwa muda, waone kama nitapumua mwenyewe. Usikimbilie ndege, hutawahi. Nisalimie wote hapo nyumbani, halafu kesho piga simu mapema. Usiniulize kitu. Nifokee tu, Mama, kwa sauti yako ile ile, na usikate.

Mwanao akupendaye,
Anselma